Tozo ya darajani inalipa nini hasa?

Tangu nguzo za daraja jipya zianze kusimama katika Mto Pangani, huku Tanga kuna maswali mawili yasiyoisha. La kwanza ni la wapenzi wa picha za mtandaoni: mbona letu halina minara na nyaya kama yale madaraja makubwa ya Marekani? La pili ni la mfukoni: hivi kupita tutalipia? Utayasikia kivukoni, utayasikia stendi ya Kange, na majibu yake mara nyingi yanachanganya mambo. Mmoja atakwambia daraja la nyaya ndilo la kulipia, la nguzo ni la bure. Mwingine atasema tozo ya daraja ni dhuluma tupu, kwa kuwa barabara tunazilipia tayari kwenye kila lita ya mafuta. Wa tatu ataapa kwamba kwa wenzetu walioendelea hakuna anayelipa hata senti.

Aina ya daraja haiamui kama utalipa. Kinachoamua ni nani aliyekopa, alikopa kwa nani, na aliahidi kurejesha kwa njia gani. Ili hilo lionekane vizuri nimeona nianze mbali, kwenye daraja ambalo huenda ndilo lililopigwa picha kuliko yote duniani: Golden Gate la San Francisco. Linaning'inia, linalipiwa, na historia ya fedha zake inajulikana tangu kura ya kwanza ya kulijenga. Tukishalivuka tutarudi Kigamboni, Wami, na Pangani yenyewe.

Safari ya kulivuka

Chukulia unatoka Sausalito, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa San Francisco, unaelekea mjini asubuhi. Barabara inapita kwenye vilima, inakata kona, mara mnara wa kwanza unakutokea mbele ukiwa na rangi ya chungwa iliyokolea. Kilele chake kiko mita 227 juu ya maji. Mara nyingi nusu ya chini imefunikwa na ukungu wa bahari, na ndiyo sababu mojawapo ya kuchagua rangi ile: meli ziweze kuliona.

Kuna njia sita za magari. Katikati kuna kizuizi cha chuma na zege ambacho hakikai mahali pamoja. Gari maalumu hupita likikinyanyua kipande kwa kipande na kukisogeza, ili asubuhi upande wa kuingia mjini upate njia nyingi zaidi, na jioni kinyume chake. Kizuizi hicho kimeanza kazi Januari 2015. Kabla ya hapo wafanyakazi walikuwa wakichomeka vijiti vya plastiki kwa mkono, na kijiti cha plastiki hakizuii gari lililopoteza mwelekeo. Watu walikufa kwa kugongana uso kwa uso. Nalitaja hili mapema kwa sababu ni mfano wa jambo linalogharimu fedha nyingi miaka mingi baada ya daraja kufunguliwa, na halionekani kwenye picha.

Ukifika katikati una mita 67 za hewa chini yako kabla ya maji. Dereva hahisi mengi. Anayetembea kwa miguu pembeni ndiye anayehisi mtikisiko kila lori linapopita, na wengi huogopa. Hakuna cha kuogopa. Daraja hili limesanifiwa lishuke hadi mita 3.3 pale katikati, na upepo ukivuma sana liweze kusogea pembeni hadi mita 8.4. Jua likiwaka kebo zinarefuka na barabara inashuka. Usiku wa baridi zinajikunja na barabara inapanda. Mwezi Mei 1987, daraja lilipotimiza miaka 50, watu wapatao 300,000 walijazana juu yake kwa wakati mmoja, na ule mkunjo wa barabara unaopanda kidogo katikati ukalala. Lilibeba, na watu walipoondoka likarudi lilivyokuwa.

Upande wa pili, mjini, ndipo unapolipa. Lakini hutaona mtu wa kumpa noti. Tangu Machi 27, 2013 vibanda havina wakusanyaji. Wenye kupita kila siku wana kifaa kidogo kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, kinachosomwa gari likipita. Asiye nacho, kamera hupiga picha namba ya gari na ankara hutumwa kwa mwenye gari. Ukiwa umekodi gari, kampuni uliyokodi kwake ndiyo itakayopata ankara, nayo itakudai wewe, mara nyingi na ada yake juu. Mwaka 1937 gari lililipa senti 50 kwa kila upande. Leo tozo ya gari dogo inakaribia dola 10, na inalipwa kwa wanaoelekea kusini tu. Ukitoka mjini kwenda kaskazini hulipi kitu. Utaratibu huo ulianza Oktoba 1968, na mantiki yake ni nyepesi: karibu kila aliyetoka atarudi, kwa hiyo mtoze mara moja kwa safari zote mbili, upunguze foleni na gharama ya kukusanya.

Linavyobeba mzigo

Aliyewahi kufunga kamba ya kuanikia nguo anaijua siri ya daraja la kuning'inia. Ukianika kanga mbichi katikati, uzito wake hauendi chini moja kwa moja. Unasafiri ndani ya kamba kwenda kwenye nguzo mbili na kuzivuta zielekeane. Ukiikaza kamba ili isilegee hata kidogo, mvuto unakuwa mkubwa mno, nguzo zinainama au kamba inakatika. Ukiiachia ilegee, mvuto unapungua, lakini sasa unahitaji nguzo ndefu ili kanga isiburuzike chini.

Wahandisi wa Golden Gate walikuwa na hesabu hiyohiyo. Kebo kuu mbili zinalegea mita 143 kutoka kilele cha mnara hadi katikati ya daraja, ndiyo maana minara imelazimika kuwa mirefu vile. Na ili minara isivutwe ikainama, kebo hazikufungwa kileleni. Zimepita juu yake, zikateremka upande wa nchi kavu na kuzikwa ndani ya nanga, yaani miamba ya zege ya kutengenezwa, mizito kiasi cha kuushinda mvuto wa daraja zima. Kutoka kwenye kebo kuu zinashuka kamba za chuma za wima, moja kila baada ya mita 15, na hizo ndizo zinazoshika barabara. Basi uzito wa gari lako unatoka tairini kwenda kwenye sakafu, unapanda kamba ya wima, unaingia kebo kuu, halafu unagawanyika: sehemu inashuka mnarani hadi kwenye mwamba chini ya bahari, sehemu inakwenda kuvuta nanga.

Kila kebo ina unene wa sentimita 92, na ndani yake kuna nyaya 27,572, kila mmoja ukiwa haufiki nusu sentimita. Hazikuletwa zikiwa zimeshafungwa. Gurudumu lilikuwa likienda na kurudi juu ya mlango wa bahari likitandika waya, miezi zaidi ya sita, mpaka zikatimia kiasi cha kilomita 129,000. Faida ya wingi huo ni kwamba waya mmoja ukikatika, wenzake wapo. Hasara yake ni kwamba maji ya chumvi yakipenya ndani ya kebo, kutu inaanza mahali ambapo jicho halifiki. Wa pwani wanaelewa: bati la nyumba ya Chumbageni haliishi miaka inayoishi bati la Lushoto.

Sasa tuweke sawa lile la nyaya. Daraja la Nyerere pale Kigamboni lina nyaya, lakini si la kuning'inia. Nyaya zake zimenyooka kutoka mnarani moja kwa moja hadi kwenye sakafu, upande huu na upande ule, na mvuto wa upande mmoja unasawazishwa na wa mwingine. Halina kebo inayolegea wala nanga za ardhini. Pangani, daraja la mita 525, linakaa juu ya nguzo za zege zilizoteremshwa mtoni. Tofauti hizo hazitokani na utajiri wala umaskini. Zinatokana na maji yaliyopo chini.

Pale Golden Gate, mlango wa bahari una kina kinachopita mita 100, mkondo ni mkali, ukungu ni wa kila mara, na meli kubwa zinaingia na kutoka bandarini. Huwezi kupanga nguzo katikati. Ikabidi minara miwili iachane kwa mita 1,280, na hakuna daraja lililopata kuachanisha minara kiasi hicho hadi wakati ule. Rekodi hiyo ilidumu mpaka 1964. Karibu nasi, katika pwani hii hii ya Bahari ya Hindi, Maputo walikuwa na tatizo la aina hiyo: meli za bandari lazima zipite. Kwa hiyo daraja la Maputo–Katembe, lililofunguliwa Novemba 2018, ni la kuning'inia, lina mita 680 kati ya mnara na mnara, na ndilo refu kuliko yote ya aina yake Afrika. Nalo linalipiwa. Mto Pangani hauna meli za namna hiyo, na nguzo zinaweza kusimama ndani yake. Kujenga minara ya mita 200 pale kungekuwa kutafuta picha kwa fedha ya umma.

Upepo

Daraja la kuning'inia lina adui mmoja ambaye daraja la nguzo halimjali sana. Julai 1, 1940 lilifunguliwa daraja la Tacoma Narrows, jimbo la Washington, Marekani. Lilikuwa jembamba, jepesi, la kupendeza, na tangu siku za mwanzo lilijulikana kwa kuyumba. Novemba 7 ya mwaka uleule, upepo wa kilomita 64 hivi kwa saa, ambao si kimbunga, ulilifanya lianze kujipindua, upande mmoja ukipanda mwingine ukishuka, mpaka likakatika na kuanguka majini. Aliyekufa ni mbwa aliyebaki ndani ya gari.

Lililoliangusha si nguvu ya upepo peke yake. Sakafu ilikuwa nyembamba mno na ubavu wake ulikuwa ukuta wa chuma usiopitisha hewa, kwa hiyo kila lilipojipinda, upepo ulilikamata vibaya zaidi na kuongeza mpindo. Mmoja wa wasanifu wake, Leon Moisseiff, alishiriki pia katika hesabu za Golden Gate. Desemba 1951 Golden Gate lenyewe lilifungwa kwa saa kadhaa kwa dhoruba, na muda si mrefu baadaye likaongezewa vyuma vya kuikaza sakafu kwa chini. Hiyo nayo ni gharama ambayo hakuna aliyeipigia hesabu siku ya ufunguzi, na mlipaji alikuwa yule anayepita na gari lake.

Deni

Hapa ndipo penye uzito wa jambo, na ndipo ninapotaka tukae.

Novemba 1930, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wapiga kura wa wilaya sita za kaskazini mwa California waliulizwa swali zito: mko tayari kuweka nyumba zenu, mashamba yenu na biashara zenu kuwa dhamana ya hatifungani za dola milioni 35 ili daraja lijengwe? Hatifungani ni karatasi ya deni. Anayenunua anakukopesha, nawe unamrejeshea na riba kwa miaka mliyokubaliana. Kama robo tatu ya waliopiga kura walisema ndiyo. Serikali kuu haikutoa fedha za ujenzi. Hata baada ya kura, hatifungani zilikosa wanunuzi, mpaka A. P. Giannini, mwanzilishi wa Bank of America, alipokubali benki yake izinunue. Ujenzi ukaanza Januari 5, 1933. Watu 11 walikufa kazini, 10 kati yao siku moja, Februari 17, 1937, jukwaa lilipoanguka na kupasua wavu wa usalama. Wavu huohuo ulikuwa umeokoa wengine 19 katika muda wa ujenzi.

Magari yakaanza kupita Mei 28, 1937, na tozo ikaanza kulipa deni. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: tozo ilishuka. Kutoka senti 50 ilipunguzwa kidogo kidogo hadi senti 25 mwaka 1955, kwa sababu magari yaliongezeka kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1971 hatifungani ya mwisho ililipwa. Jumla yake ni dola milioni 35 za mkopo na karibu dola milioni 39 za riba, zote kutoka kwenye tozo. Soma tena takwimu hizo. Riba ilizidi mkopo wenyewe. Hakuna nyumba wala shamba lililouzwa.

Dawa ya deni ni kulipa, na lilikuwa limelipwa. Kwa nini basi leo watu wanatoa karibu dola 10?

Sehemu ya jibu ni matengenezo. Kati ya 1972 na 1976 kamba za wima zote zilibadilishwa kwa kutu. Kati ya 1982 na 1986 barabara yote iling'olewa na kuwekwa ya chuma, nyepesi kuliko ya zege kwa zaidi ya tani 11,000, kazi ikifanyika usiku ili asubuhi magari yapite. Rangi haina mwisho. Kuna kikosi cha wapaka rangi ambao kazi yao ni hiyo mwaka mzima.

Sehemu ya pili inahusu kivuko, nayo inatuhusu sana sisi. Kabla ya daraja, watu walivuka kwa vivuko, na wenye vivuko walipigana mahakamani ili daraja lisijengwe. Walishindwa, wateja wakahamia darajani, na mwaka 1941 kivuko cha Sausalito kikafa. Lakini ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1960 daraja lilikuwa limefurika na hapakuwa na nafasi ya kuongeza njia. Shirika la daraja likaamua kutumia fedha ya tozo kurudisha kivuko mwaka 1970, kisha likaanzisha mabasi. Mpaka leo mwenye gari anayelipa pale kusini anachangia nauli ya aliyepanda basi au boti. Wapo wanaopinga, na hoja yao ina nguvu: kwa nini mimi nimlipie mwingine? Mimi naiona ni haki, kwa sababu kila mtu aliye ndani ya boti ni gari moja pungufu kwenye foleni yake. Ila naiona ni haki kwa sharti moja tu, kwamba imeandikwa, imejadiliwa hadharani na hesabu zinaonekana.

Njia hiyo si ya lazima. Daraja la Tacoma lilijengwa upya, likafunguliwa 1950 likiwa la kulipia. Deni lilipoisha mapema, mwaka 1965, tozo iliondolewa, na lilibaki bure. Mwaka 2007 daraja pacha lilipojengwa pembeni yake, hilo jipya likawekewa tozo kwa sababu lilikuwa na deni jipya. Uskochi nao waliondoa tozo kwenye daraja la kuning'inia la Forth mwaka 2008, ingawa miaka michache kabla ukaguzi ulikuwa umeonyesha kebo zake kuu zimeliwa na kutu na kupoteza sehemu ya nguvu. Ikabidi hewa kavu ipulizwe ndani ya kebo, na daraja jingine lijengwe jirani, likafunguliwa 2017. Tozo iliondoka, gharama haikuondoka. Ilihamia kwenye kodi.

Hesabu ambayo kila mmoja anaweza kuipiga

Tuchukue mfano wa kubuni. Daraja limegharimu shilingi bilioni 100 za mkopo. Magari 1,000 yanapita kwa siku, kila moja linalipa shilingi 2,000. Hiyo ni milioni 2 kwa siku, milioni 730 kwa mwaka. Hata bila riba, deni litaisha baada ya miaka 137. Sasa weka riba ya asilimia 1 tu kwa mwaka: riba peke yake ni bilioni 1, zaidi ya makusanyo yote. Deni hilo haliishi kamwe, linakua. Magari yakiwa 10,000 kwa siku, makusanyo ni bilioni 7.3, na bila riba deni linakwisha ndani ya miaka 14. Lakini riba ikiwa asilimia 8, bado umekwama.

Kwa hiyo tozo inafaa pale tu penye magari mengi. Golden Gate lilikuwa likipitisha zaidi ya magari 100,000 kwa siku kabla ya korona. Pasipo na magari mengi, geti la tozo linakera watu bila kulipa deni.

Wawekezaji binafsi wanaijua hesabu hii, ndiyo maana huomba dhamana. Daraja refu kuliko yote ya kuning'inia duniani, la Çanakkale nchini Uturuki, lenye mita 2,023 kati ya minara, lilifunguliwa Machi 2022 kwa mkataba ambao serikali iliahidi magari 45,000 kila siku. Yakipungua, serikali inafidia. Maana yake ni kwamba mkulima wa mbali ambaye hajawahi kuliona daraja lile analilipia kupitia kodi yake, huku anayepita naye akilipa getini. Nasi mpango wa barabara ya haraka ya kulipia ya Kibaha–Chalinze–Morogoro umezungumzwa kwa mtindo wa ubia wa serikali na sekta binafsi. Siku mkataba wa aina hiyo ukiletwa, kipengele cha kusoma kwanza ni hicho cha idadi ya magari iliyoahidiwa.

Nyumbani

Kigamboni, daraja la mita 680 lililozinduliwa Aprili 2016, lilijengwa kwa mchango wa asilimia 60 kutoka NSSF na asilimia 40 kutoka serikalini. NSSF ni akiba ya wafanyakazi. Mfanyakazi wa kiwanda cha saruji Pongwe, ambaye huenda hajapita Kigamboni hata siku moja, fedha yake ya uzeeni iko ndani ya zege lile. Tozo inayotolewa pale ndiyo njia ya kuirudisha. Wakazi wa Kigamboni walilalamika kwa miaka kwamba ni kubwa, na mwaka 2022 ikapunguzwa. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, maana mtu hawezi kutozwa kila siku kwa kwenda kazini kana kwamba ni mtalii. Lakini tukisema tozo ifutwe kabisa, tuseme pia nani atamrudishia yule wa Pongwe.

Wami ni hadithi nyingine. Kila aliyewahi kupanda basi la Tanga kwenda Dar es Salaam analijua daraja la zamani la mwaka 1959: mteremko mkali, kona, kisha kijia cha gari moja, mabasi na malori yakisubiriana. Daraja jipya la mita 513.5 lilianza kutumika 2022, na hakuna geti. Halikuwa la bure. Limelipwa na walipa kodi wote, likiwa njiani kwa mizigo ya kaskazini yote. Pangani liko katika mradi wa barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo wa namna hiyo unarejeshwa na Hazina, kwa hiyo mlipaji ni mimi na wewe kupitia kodi, tuvuke tusivuke.

Na lile la mafuta? Ni kweli kwamba kila lita ina tozo ya barabara inayokwenda Mfuko wa Barabara. Kazi yake kubwa ni matengenezo: kuziba mashimo, kusafisha mitaro, kukarabati madaraja. Haikukusudiwa kurejesha mkopo wa daraja jipya kubwa. Anayesema "nimeshalipa kwenye mafuta" yuko sahihi kuhusu kulitunza daraja, hajawa sahihi kuhusu kulijenga.

Kama siku moja wazo la kutoza Pangani litaletwa mezani, kuna jambo la mahali hapa ambalo hesabu za bilioni haziligusi. Dereva wa Tanga mjini anayekwenda Dar es Salaam ana njia ya pili. Akikataa tozo atapita Muheza na Segera. Mtu wa Bweni, Mwera, Kipumbwi au Mkwaja, kusini mwa mto, hana. Hospitali ya wilaya iko ng'ambo, ofisi za halmashauri ziko ng'ambo, na mpaka sasa maisha yake yamepangwa na kivuko. Akifika pale usiku na mgonjwa juu ya bodaboda, anamtafuta nahodha. Golden Gate hawamtozi mtembea kwa miguu wala mwendesha baiskeli, na Kigamboni anayetembea anapita bure. Kwa Bweni kifungu hicho kingepaswa kumhusu na mwenye bodaboda, maana huko pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, na akienda hospitali lazima arudi.